Asilimia Hamsini na Nane

Jumatatu, 5 Mei

Asubuhi 85. Nimechomoa mwenyewe. Mbwawa mpaka hospitali ya Tumbi, halafu walimu wawili mpaka Maili Moja, halafu Tumbi tena kumchukua Athumani, halafu nyumbani. Jioni 39. Bajaji imekaa kivulini nusu saa ipoe kabla sijachomeka. Fundi Gerald anasema betri iliyochemka haichajiwi. Isijazwe mpaka juu kila siku. Isishuke chini ya ishirini. Ndiye aliyesema niwe na daftari, niandike asilimia asubuhi na jioni. Alisema asilimia tu. Haya mengine nayaandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Athumani amekaa kwenye mashine ya kusafisha damu saa nne kama kawaida. Wametoa lita tatu na nusu za maji. Miguu imenywea. Wakati wa kurudi alilala kiti cha nyuma, mdomo wazi. Mume abiria, mke dereva. Watu wa Mbwawa wameshazoea, hawageuki tena kutuangalia.

Jioni amekunywa vikombe vitatu vya maji badala ya viwili. Nimemsema. Akasema betri inapewa nusu saa ya kupumzika, yeye hata dakika kumi hapewi. Nikacheka. Kisha nikaficha kikombe.

Jumanne, 6 Mei

Jumapili ni arobaini ya kaka yake. Kijijini kwao, Kisarawe, upande wa Mzenga. Anataka kwenda. Nimesema hapana kabla hajamaliza.

Mazishi hakwenda, alikuwa amelazwa. Hilo ndilo analolishikilia. Amesema kaka yake amezikwa bila yeye na arobaini haitasomwa bila yeye. Gari la ukoo linatoka Dar limejaa. Amesema nisipompeleka atapanda bodaboda. Bodaboda, na ule mkono wenye mshipa wa mashine, na miguu ile.

Nimechukua kalamu. Hapa mpaka kwa mama mkwe, kilomita 38. Njia ya mchanga, mvua za masika hazijakata. Betri ilipokuwa mpya ilikwenda 70 na kitu. Sasa ikijazwa kabisa, 53 ikiwa nimeamka vizuri. Ikifika asilimia saba inajizima yenyewe ili isife. Kwenda tutafika. Kurudi lazima nichaji kule, tena karibu mpaka juu, kwa sababu Jumatatu hatupitii nyumbani. Kutoka kijijini moja kwa moja mpaka Tumbi ni kilomita 43.

Inawezekana. Ndicho kinachoniudhi. Ingekuwa haiwezekani ningelala.

Ijumaa, 9 Mei

Ametoka kwenye mashine saa sita. Muuguzi amenivuta pembeni. Kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu ndiyo siku nyingi kuliko zote za wiki, na wiki hii moyo wake haupigi vizuri. Amesema Jumatatu asikose. Akikosa, maji yanapanda kwenye mapafu. Saa mbili awe kwenye kiti. Ikifika saa mbili na nusu kiti anapewa anayesubiri, na wanaosubiri wapo kila siku. Nimewaona. Wanaangalia mlango.

Nimempitia Fundi Gerald. Amefungua betri, amekaza nyaya, amepuliza vumbi. Amesema safari hii nijaze mpaka mia. Mara moja haidhuru. Niende taratibu, kilomita ishirini kwa saa, nisikanyage ghafla. Akasema, "Mama Rukia, usiendeshe kwa hasira. Hasira inakula chaji." Nimekasirika.

Nimepakia chaja, waya mrefu, turubai, spea, jeki, vidonge vya siku tatu. Chumvi hakuna. Kikombe kimoja, cha kwake, nimekichora alama ya kalamu.

Jumamosi, 10 Mei. Kisarawe

Tumetoka na 100. Tumefika na 28. Mchanga umekula zaidi ya nilivyodhani. Hesabu ya kurudi sasa ni 81, na ile saba ya mwisho siihesabu. Nataka nione 90 kabla ya kuondoka hapa.

Umeme hakuna. Umekatika tangu jana. Hakuna anayejua utarudi lini. Hakuna anayeonekana kujali pia, wana msiba wa kuandaa. Mimi peke yangu ndiye ninayeangalia taa ya ukutani kila nikipita.

Mama mkwe ametupokea. Shikamoo, marahaba. Amemshika Athumani mikono yote miwili, akaigeuza, akauona mshipa uliovimba. Amemwekea kitanda chake yeye mwenyewe, akatandika mkeka chini. Huyu mama anachomoa kila kitu wingu likitokea. Redio, taa, hata jokofu. Radi iliwahi kuua televisheni ya kaka mtu. Kwa hiyo nimemwambia mapema: chaja ya bajaji isiguswe. Akaitikia vizuri.

Sijatulia. Nimekaa kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Jumapili, 11 Mei. Kisarawe

Umeme bado. 28.

Watu wamejaa uani. Kisomo kimekwenda vizuri. Nimekuna nazi na wanawake wa ukoo tangu alfajiri, sufuria tatu za pilau, na kila baada ya muda nanawa mikono kwenda kuangalia taa. Shemeji mmoja amenitania kwamba nimeolewa na swichi.

Athumani alikaa barazani na wenzake wa utotoni. Alicheka. Sijamsikia akicheka vile tangu mwaka jana. Nilipogeuka ana dafu mkononi, amelikata nani sijui, analinyanyua mdomoni. Dafu kwake ni sumu. Muuguzi alituambia wote wawili: dafu linasimamisha moyo wa mtu wa figo. Nimevuka uwanja mbele za watu na kumnyang'anya. Maji yamemmwagikia kanzu. Baraza zima limenyamaza. Aliyekuwa anasimulia hakumaliza.

Sikukosea. Angelikunywa tungekuwa tunazungumza mengine. Lakini ningeweza kumwita pembeni. Sikumwita. Nimemwona mama yake akituangalia kutoka mlangoni.

Saa mbili usiku umeme umerudi. Nimechomeka pale pale, chumba cha mbele, waya umepita dirishani. Saa nne imesoma 56. Mpaka saa kumi na moja itakuwa imejaa. Nimempa vidonge. Hajasema neno tangu dafu. Nalala.

Jumatatu, 12 Mei. Saa kumi na moja kasoro

58.

Imechomolewa.

Saa tatu asubuhi, benchi la hospitali, Tumbi

Naandika ili nipate la kufanya.

Nilipoona 58 nilidhani nimesoma vibaya. Kisha nikaona waya sakafuni. Umeme upo, taa inawaka, waya uko sakafuni. Nilipiga kelele. Mama mkwe akatoka na ushungi wake wa sala. Akaangalia waya, akaniangalia mimi, akamwangalia mwanawe aliyekuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Nimechomoa mimi, mwanangu. Kulikuwa na radi."

Mvua ilinyesha kidogo usiku. Radi sikuisikia, ila nilikuwa nimelala kama gogo. Nimemwambia maneno. Nayaandika kwa sababu niliyasema. Nilimwambia, "Mama, ukimzika na huyu usinitafute."

Jana amemsomea mwanawe mmoja arobaini. Akainamisha kichwa. Akasema nimsamehe.

Gari hakuna. Lile la Dar liliondoka jana na watu wake. Kusubiri betri ijae ni saa tatu, na saa tatu sina. Nimepiga hesabu nimesimama. 58 toa saba. Kwa mwendo wa kawaida kilomita 27. Kwa mwendo wa konokono labda 33. Nahitaji 43. Soga iko kilomita 24. Soga kuna umeme, kuna kituo cha treni, lazima kuwe na mtu mwenye soketi.

Tukatoka. Mama mkwe alikuwa ametupakilia gunia la mihogo na nazi. Kilomita ya pili nikasimama, nikalishusha, nikaliacha kando ya njia. Nikashusha spea na jeki pia. Athumani alikuwa ananiangalia. Nilimchukia mama yake waziwazi, na kumchukia mtu kulinipa nguvu ya kushika usukani.

Kwenye matope nilishuka nikasukuma, yeye akashika usukani. Nilimkataza asishuke. Akashuka. Akasukuma hatua tano, akashika kifua. Nikamrudisha ndani. Pumzi yake ilikuwa inasikika, kama mtu anayenyonya uji wa moto. 49. 44. Mteremko mmoja ukaturudishia moja, 45. Niliishukuru ile moja. 38. 30.

Soga tumefika saa kumi na mbili na robo na 22. Maduka yamefungwa. Kinyozi amefunga. Kilichokuwa wazi ni msikiti, wanatoka watu waliokuwa wamebaki kusoma baada ya sala ya alfajiri. Muadhini mzee mwenye koti la mvua. Nikamsalimia, nikamweleza. Akasita. Akasema umeme huu ni wa msikiti, umetolewa kwa ajili ya ibada, yeye hana ruhusa ya kumpa mtu. Alisema kwa adabu, na alikuwa sahihi, na nilitaka kumkaba. Kisha akachungulia ndani ya bajaji. Akaona miguu. Akaingia, akachomoa waya wa kipaza sauti, akaniambia, "Lete wa kwako."

Betri ilikuwa ya moto. Nusu saa ya kupoa sikuwa nayo. Nimechomeka hivyo hivyo. Kila nililokatazwa nimelifanya leo, kwa mpangilio.

Nilihitaji 36 kumaliza kilomita 19 zilizobaki. Kwa kila dakika tano ilipanda moja, na kidogo. Muadhini alimtandikia Athumani mkeka barazani akae ameegemea ukuta, maana akilala anakosa pumzi. Saa moja na dakika tano ilisoma 34. Sikuweza kusubiri tena. Muadhini alikataa shukrani, akarudisha waya wake wa kipaza sauti mahali pake.

Ile njia ya kutoka Soga siikumbuki vizuri. Nakumbuka namba. 25. 19. Pale Mbwawa tumepita karibu kabisa na kwetu, jirani akapunga mkono, sikupunga. Nyumbani kuna chaja nyingine na kitanda. Nikapita. 13. Taa ya njano ikawaka. Kwenye mlima wa kuingia Tumbi nimeshuka tena, nimesukuma kwa bega huku nimeshika usukani kwa mkono mmoja, na vijana wawili wa bodaboda wakaacha pikipiki zao wakaja kusukuma bila kuuliza. 9. Athumani midomo imekuwa ya kijivu.

Langoni 8. Saa mbili na dakika ishirini na mbili.

Muuguzi aliinua macho kwenye saa, akainua kwetu. Akaja na kiti cha magurudumu. Sasa yuko ndani. Wamempa oksijeni kwanza, kisha mashine. Watatoa maji kidogo kidogo, moyo usishtuke. Nimemwona kupitia kioo. Damu inazunguka kwenye mpira. Nimekaa.

Jioni, nyumbani

Amepona. Yaani yuko hai, ameshushwa lita nne, anahema vizuri. Bajaji nimeichaji hospitalini kwenye banda la mlinzi. Betri haijafa. Fundi Gerald nimemwambia kila kitu kwa simu, akasema niilete Alhamisi.

Mama mkwe amepiga mara tatu. Sikupokea. Athumani alinitazama kila simu ilipoita.

Jumanne, 13 Mei

Asubuhi 62. Hatujatoka.

Amenieleza saa nne, tumekaa uani. Nilikuwa nachambua mchicha. Akasema, "Ni mimi."

Sikuelewa. Akarudia. Jumapili usiku aliamka, akaenda chumba cha mbele, akachomoa. Mama yake alimkuta anarudi, gizani, hakumuuliza kitu. Hakuelewa mpaka aliponisikia nafoka alfajiri. Radi haikuwepo.

Nimemuuliza kama alitaka kufa. Akasema hapana, na namwamini. Amesema alitaka Jumatatu moja. Kuamka kwa mama yake, kunywa uji, jua limkute kitandani, na asiwepo mtu wa kumhesabia. Alidhani tukikosa siku moja tutakwenda kesho yake. Alijua si hivyo. Alijifanya hajui. Njiani, pumzi zilipoanza kumwishia, ndipo alipotaka kuniambia, akaniona nasukuma kwenye matope, mdomo ukawa mzito.

Niliinuka nikamwaga mchicha wote. Nimetembea mpaka barabarani na kurudi. Nina hasira naye mpaka masikio yanawaka. Miaka mitatu naamka kabla ya adhana kwa ajili yake. Nimesukuma chuma kwenye tope kwa bega. Gunia la mihogo la mama wa watu linaozea njiani.

Na ile baraza iliyonyamaza. Kanzu yenye maji ya dafu. Nimelirudia hilo pia, kwenda na kurudi. Silipendi.

Alasiri

Nimempigia mama mkwe. Shikamoo. Marahaba. Akauliza kwanza kama mwanawe amekula. Nikasema amekula. Nikasema, "Mama, ameniambia."

Nikasikia kuku upande wake. Nikamuuliza kwa nini alibeba lisilo lake, na mimi nikamtukana vile. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia:

"Mngesafirije? Mimi ulikuwa unaniacha nyuma. Yeye ulikuwa unaondoka naye."

Nimelia kwenye simu. Nimemwomba radhi kwa lile neno la kuzika. Akasema limeshapita. Halijapita. Nitakwenda mwenyewe, nipige magoti mbele yake, hilo si la simu.

Jumatano, 14 Mei

Asubuhi 85. Nimechomoa. Nimefuta viti, nimeweka mto wake.

Kawaida nasimama mlangoni na kusema, haya, saa. Miaka mitatu nasema, haya, saa. Leo niliingia ndani nikakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa macho, anatazama dari. Nje walimu wangu wawili walikuwa wanapita kwa miguu, wakaona bajaji imesimama, wakaendelea.

Nikamuuliza, "Twende?"

Nilikuwa sijui nitafanya nini akisema hapana. Kweli sikujua. Nilikuwa nimeweka mikono mapajani na kuiangalia. Alikaa muda mrefu, mrefu kuliko ninavyoweza kuuvumilia siku nyingine, na sikuangalia saa.

Kisha akasema, "Nipe shati."

Nikampa. Akavaa mwenyewe, kifungo kimoja kimoja.